Mkono Uliokata Karata

Mwaka 1960, nikiwa na miaka kumi na mitatu, ndipo taabu zangu zilipoanza. Wengine wanaukumbuka mwaka ule kwa ngoma na bendera. Mimi nakumbuka bandari ya Kalundu, hapa kwetu Uvira, ikiwa kimya. Baba yangu alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa wapakizi pale, mtu wa kupiga filimbi na kufokea magunia ya pamba kana kwamba magunia yana masikio. Wazungu walipoanza kuondoka, meli zikapungua, pamba ikalala ghalani, filimbi ya baba ikabaki inaning'inia shingoni bila kazi. Akapanda meli kwenda Albertville, bandari ya kusini, kutafuta kibarua. Alisema atatuma habari. Mpaka leo ninapoandika, habari haijafika.

Mama alikuwa amekwisha kufa. Tulibaki wawili, mimi na yaya, yaani kaka yangu mkubwa. Yeye alisoma kwa mapadri, akawa karani kwenye ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya, kalamu mfukoni mwa shati kila siku hata Jumapili. Mimi nilifika mwaka wa pili wa primeri, nikatolewa kwa sababu lazima mtu apike. Siandiki hivi ili unihurumie. Naandika ili ujue nani anazungumza nawe: mtu aliyejifunza mambo mengi, machache kati ya hayo shuleni, na hajaona haya hata siku moja.

Mshahara wa yaya ukaanza kuchelewa. Serikali mpya ilikuwa na bendera nzuri sana, lakini mshahara ulikuja pale ulipojisikia kuja. Nikatoka kutafuta kazi ya nyumbani. Niliipata kwa mjane mmoja Mgiriki aliyekuwa na duka la vitenge na sabuni kwenye barabara kubwa ya Uvira. Wazungu wenzake walipovuka kwenda Usumbura, yeye alikaa mlangoni pa duka, ufunguo umefungwa kiunoni, akasema mume wake amezikwa hapa na hatamwacha na mbu peke yake. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni. Hakikuwa na heshima, lakini hakikuwa na dharau pia. Kilikuwa kinafika tu.

"Weye pika?"

"Ninapika, Madamu."

"Weye iba?"

"Siibi."

"Wote nasema hivi. Bo, kuya kesho."

Mchana, jua likiwa kali na duka limefungwa, alikuwa anakaa baraza la nyuma, kwenye meza yenye kitambaa cha plastiki, anafungua kitambaa cha kufutia sahani. Ndani mlikuwa na karata. Si zile za askari za kuchezea. Hizi zilikuwa ndefu, nene, pembe zimelika, zinanuka kahawa, na kila moja ilikuwa na watu: mfalme, mwanamke mwenye simba, mtu aliyening'inizwa kwa mguu mmoja, mifupa mitupu inafyeka shamba. Siku ya kwanza nilipoiona ile mifupa niliweka karai chini nikajifanyia msalaba. Wajukuu wangu, ambao wana simu, wameniambia kwamba duniani zinaitwa taro. Sisi tulisema karata za Mgiriki, na kila mtu wa Uvira alijua ni zipi.

Waliokuja kuuliza ni wanawake. Wenye kuvuka mpaka na samaki na mafuta ya mawese, wake wa makarani, hata mke wa askari mmoja. Walipita mlango wa jikoni, mbele yangu, macho wakiyatupa kwenye sufuria kana kwamba wamekuja kuonja mchuzi. Nami nilisikia yote. Baada ya miezi kadhaa nikamwambia Madamu anifundishe.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu naona."

"Naona nini?"

Nikamwonyesha mzee mmoja mwenye ndevu, amevaa joho, ameshika taa. "Huyu ni mvuvi wa ndagala. Amechelewa kwenda ziwani. Taa ameikinga na nguo upepo usiizime."

Madamu alizijua ndagala, dagaa wetu wanaovuliwa usiku kwa taa, akacheka mpaka akakohoa. Akanieleza, kwa vile vijineno vyake, kwamba kwao mzee huyo ni mtu wa Mungu, amekimbia watu, anakaa mlimani peke yake anawaza.

"Hapa Uvira," nikamwambia, "mzee akizunguka gizani na taa, anatafuta ndagala. Akitaka kuwaza, anakaa kwake."

Basi ndivyo nilivyoanza. Hakunipa kitabu, na kama angenipa ningekifanyia nini? Alinipa sheria. Ya kwanza, angalia kabla ya kusema. Angalia miguu ya watu kwenye karata imeelekea wapi, nani anampa nani mgongo. Ya pili, sema unachokiona, hapana kutia sukari. Ya tatu ndiyo aliyoisema akigonga meza kwa kidole: anayeuliza ndiye anayechanganya karata, kisha anazikata kwa mkono wake wa kushoto, kwa sababu upande huo ndio wenye moyo. "Nani hapana kata, hapana uliza." Hakuna aliyesamehewa. Hata mke wa administrateri alikata.

Majina aliyonipa ya kwao niliyaacha yapite. Nilizipa karata majina yangu. Zile za fimbo zilikuwa fimbo za wachungaji wa Bijombo, kule mlimani. Za panga zilikuwa panga. Za vikombe zilikuwa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, pamoja na maneno yote yanayosemwa baada ya kasiksi. Gari la mfalme lenye farasi wawili lilikuwa kamyo, yaani lori, ya wafanyabiashara wa bonde la Ruzizi. Mwanamke aliye uchi anayemwaga maji chini ya nyota alikuwa mama wa kwetu anaoga ziwani jioni, na ole wake mwanaume anayepita njia ile. Madamu aliguna, lakini hakunirudisha. Mara moja tu alinipiga kofi la mkono, niliposema ile mifupa ni kifo. "Hapana kifo. Ile navuna." Nikamuuliza tangu lini watu wanavuna vichwa. Akasema ninyamaze.

Nilikosea sana mwanzoni. Nilikuwa nasoma karata iliyonielekea mimi, kumbe inapaswa imwelekee mwenye kuuliza, hivyo nikamwahidi mke wa karani mmoja mimba kumbe nilikuwa namwona mama mkwe wake anahamia. Mama mkwe alihamia kweli, na yule mke wa karani hakunisalimia tena.

Siku ya kwanza Madamu aliponiachia kiti alikuja mama mmoja wa Kalundu, mnene, mwenye mitumbwi yake, mtu wa kuongea kama yuko ng'ambo ya mto.

"Huyu mutoto wa masufuria ndiye atanisomea minye?"

"Kata, mama," nikamwambia. "Kwa kushoto."

Akakata akicheka. Akatoka yule mzee wangu wa taa, na ubavuni mwake mwezi mzima, mbwa wawili wanaulilia. Nikasema, "Mama, usitoe watu wako ziwani juma hili. Taa yako haina kazi."

"Bo! Umeona hiyo kwenye karata ama kwenye dirisha? Nani hapa hajue mwezi ukiwa mukubwa ndagala haifuate taa?"

Hata Madamu alicheka. Mimi nikakasirika. "Na weye mama, kama unajua, umekuja kuuliza nini?"

Akasogeza kiti. Alipoanza tena, sauti ilikuwa imeshuka. Kiongozi wa mtumbwi wake alikuwa anatoka kila mbalamwezi, wakati ambapo mvuvi yeyote mwenye akili analala, na alikuwa anarudi bila samaki na bila neno. Alikuwa anavusha nini? Anamvusha nani? Hapo ndipo nilipojifunza kazi yenyewe. Unaweka picha mezani, unasema unachokiona, halafu unafunga mdomo. Yaliyobaki mtu ataleta mwenyewe.

Yaya alichukia. "Ushenzi," alisema. "Tena wa kuletwa na meli, kana kwamba wa kwetu hautoshi." Akaapa kuzichoma siku atakapozikuta nyumbani.

"Choma, yaya. Kisha jioni tutakula kalamu yako."

Maana kwa miezi hiyo yote tulikula jasho la masufuria ya Mgiriki, na yeye alikuwa anajua.

Mwaka 1964 waasi walipanda kutoka Fizi, upande wa kusini. Habari zao zilitangulia: wanapokea dawa, risasi inageuka maji, hawarudi nyuma. Mtoto wa kiume wa Madamu akaja na gari kutoka Bujumbura, ndiyo ile Usumbura, hakuzima hata injini. Madamu aliingia ndani ya gari amebeba picha ya mumewe, uso umekuwa mdogo. Karata alikuwa ameziacha mezani jikoni, zimefungwa katika kile kitambaa. Nikakimbia nazo nje.

"Madamu, umesahau!"

"Hapana sahau. Hii hapana kupewa. Hii naachwa. Weye nachukua, basi ni ya weye."

Gari likashika njia ya Kavimvira, kwenye mpaka. Sikumwona tena.

Waasi walipoingia Uvira niliona ni vijana kama vijana wengine, ila wamevaa majani na manyoya, na macho yao hayakai mahali pamoja. Dawa yao ilikuwa na miiko mingi. Kubwa zaidi, mpiganaji aliyemwagiwa maji ya mganga hawezi kugusa mwanamke, wala kitu kilichotoka mkononi mwa mwanamke, mpaka kitu hicho nacho kimwagiwe. Sokoni walikuwa wanatembea na msaidizi wa mganga mwenye ndoo na tawi. "Mama, weka chini! Rudi nyuma!" Kisha shwaa, maji juu ya ndagala kavu. Hebu fikiri. Ndagala uliyoianika mchangani mpaka inalia kama majani, halafu mtu anaimwagia maji! Walichukua walichotaka, kilichobaki kinaoza kabla ya kesho. Mama mmoja aliwapigia kelele, "Dawa yenu inazuia risasi, mbona haizuie kuoza?" Wakabeba ndoo yao, wakaenda kwa mama wa pili.

Wakaanza kukamata makarani. Mtu mwenye kalamu alikuwa mtu wa wazungu, basi, hapakuwa na kesi. Yaya alitoa kalamu mfukoni, akaitupa chooni, akafikiri amepona. Lakini shati lilikuwa na doa la wino pale pale kalamu ilipokaa miaka yote. Walimwonyesha doa, wakamfunga mikono. Wakamtia kwenye ghala la pamba pamoja na wengine. Baadhi ya wale wa kwanza walikuwa wamepelekwa mtoni, na wake zao walirudi na viatu tu.

Watu waliniambia nikimbilie mlimani. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nikafunga karata ndani ya kitenge, nikaenda ofisini kwa komanda, mchana, nikipita katikati ya barabara.

Komanda alikuwa amekaa barazani pa ofisi ile ile ambayo yaya alifanyia kazi. Kabla ya vita alikuwa tandiboyi, yaani utingo, wa kamyo kwenye njia ya bonde, na bado alikaa kama mtu anayesubiri gari lipoe. Kando yake mganga, mzee mwembamba mwenye ndoo na tawi. Vijana walizunguka.

"Weye ni nani?"

"Ni dada ya karani munayefunga."

"Makarani iko mingi."

"Wangu iko murefu, na masikio makubwa."

Vijana wakacheka. Komanda hakucheka. "Unataka nini?"

"Nataka umuachilie."

"Na minye nitapata nini?"

Kijana mmoja wa Kalundu akaninyooshea kidole. "Komanda, huyu ndiye ule wa karata. Karata ya Mugiriki. Mama zetu bote banamujua."

Nikaona jicho la komanda linabadilika. Kila mtu mjini alijua kwamba anajiandaa kupanda bonde, apite Luvungi na Katogota, aende mpaka Bukavu. Mganga wake alimwambia risasi itakuwa maji. Hakumwambia kama atafika.

"Karata yako inaona njia?"

"Inaona muntu anayeuliza."

"Fungua."

Nikaziweka juu ya ukuta wa baraza. "Changanya, kisha ukate kwa mukono wa kushoto."

Alikuwa ameshanyoosha mkono pale mganga aliporuka. "Komanda! Imetoka mukononi mwa mwanamuke!"

Mkono ukarudi haraka kama umeguswa na moto. "Mwagia mayi, basi," akasema.

Mganga akachovya tawi. Nami nikazikwapua karata nikazitia kwapani. "Hii ni karatasi, Mzee. Mwagia, kisha komanda aulize uji."

Safari hii walicheka kwa nguvu. Mmoja akasema, "Si ukate weye mwenyewe, dada?"

"Nikikata minye ninayesoma, habari yangu ndiyo itatoka. Komanda wenu atakwenda Luvungi na bahati ya mupishi."

"Kijana mumoja akate," komanda akasema. Mganga akatikisa kichwa. Wote walikuwa wamemwagiwa, wote walikuwa na mwiko ule ule. Wakatazamana. Hapo nilikuwa nimekwisha kuona ninakoelekea, lakini nilijikuna shingo kama mtu anayesaidia tu kuwaza.

"Mutafute mwanaume asiyemwagiwa, akate kwa ajili ya komanda."

"Wapi?" kijana wa Kalundu akauliza. "Wote balikimbia."

"Kwenye ghala iko wengi," nikasema. "Ule mwenye masikio atafaa."

Komanda akawaashiria vijana waende ghalani. "Uko na akili, weye."

"Niko na kaka mumoja."

Wakamleta. Mikono imevimba, mdomo umepasuka, shati lile lile lenye doa. Wakamfungua kamba. Akaona karata ukutani, akaniona mimi, na ninaapa mbele ya Mungu kwamba alikunja uso.

"Dada, unafanya nini na huu ushenzi?"

"Changanya, yaya."

Akachanganya vibaya, akazigonga gonga ukutani zilingane, kama barua za ofisi. Nikamwambia akate kwa kushoto. Akakata. Karata moja ikaanguka, nikaiokota nikairudisha.

Nikafungua tatu. Ya kwanza ilikuwa kamyo yangu, lile gari la mfalme. "Naona unasafiri," nikamwambia komanda, "lakini farasi wako wawili, kila mumoja anavuta kwake." Ilikuwa kweli: waliotoka kusini na wale wa bonde hawakuwa wanakula sahani moja. Ya pili ilikuwa panga, nyingi, zimepandana. Hiyo haikuhitaji mwalimu. Ya tatu ilikuwa mnara unaopigwa radi, moto juu, watu wawili wanaanguka kichwa chini.

"Hiyo ni nyumba ya nani?" komanda akauliza.

"Hawakuonyesha mwenyewe."

"Ya adui!" vijana wakapiga kelele. "Ni Bukavu hiyo!"

"Pengine. Minye nasema ninachoona. Nyumba inaungua, watu wanaanguka."

Sikutia sukari. Ningeweza kumwambia atakalia kiti cha gavana, na watu wengi wameniambia baadaye kwamba ningefanya hivyo. Lakini mtu aliyeahidiwa kiti hana haja nawe tena. Komanda alichagua mwenyewe nyumba iwe ya nani, akatabasamu, akapunga mkono. "Sawa. Murudishe ule ghalani."

"Komanda, unamurudisha nani? Ule ni mukono wako."

"Nini?"

"Amekata kwa ajili yako. Mukono uliokata ndio mukono wako wa kushoto mpaka safari iishe. Ukiufunga kamba, umejifunga. Ukiutoa damu, utapanda bonde na mukono mumoja."

"Nani amesema?"

"Ndiyo sheria yake."

Madamu hakunifundisha sheria hiyo. Hakuna Mgiriki aliyepata kuisikia. Niliitoa kichwani mwangu pale pale barazani, na sijaiungama kwa padri yeyote kwa sababu sioni cha kuungama. Nilipoisema sikumtazama komanda. Nilimtazama mganga. Mtu anayeishi kwa miiko hathubutu kuucheka mwiko asioujua. Tena yeye mwenyewe, kila asubuhi, alikuwa anamwagia kijana mmoja maji kwa niaba ya wote walioko mbali, na kijana huyo hakuruhusiwa hata kupigwa kofi mpaka wenzake warudi. Nilikuwa nimesikia hayo sokoni.

Mganga alitema mate pembeni. Alikuwa ananichukia, ilionekana wazi. "Asiguswe," akasema.

"Basi akae ghalani bila kamba," komanda akasema. "Nikirudi nitaamua."

"Kwenye ghala kunatoka watu wa kupelekwa mutoni. Kijana akikosea akachukua na huyu, utaniuliza nini? Atakaa kwangu."

"Weye mwanamuke!"

"Minye ndiye nimeshika karata."

Akamtazama mganga. Mganga akainua tawi, akamnyunyizia yaya mkono wa kushoto tu, kutoka kiwiko mpaka vidole, akamfunga kifundo kwa kamba ya mgomba iliyopakwa chokaa nyeupe, ili kila mpiganaji ajue. "Asivuke mupaka. Asiguswe. Dada yake amupeleke."

Tulitembea mpaka nyumbani. Mlangoni yaya akasema, "Umeniokoa kwa uongo."

"Ghala iko wazi, yaya. Rudi."

Akaingia ndani. Nikampikia bugali, akala kwa ule mkono wa chokaa.

Komanda alipanda bonde na malori na nyimbo. Hakurudi. Wachache walirudi, bila nyimbo, na hawakusema komanda alibaki wapi. Vijana wengi wa bonde walibaki huko, na mama zao wengine walikuja kwangu baadaye, wakakata, wakaniuliza, nami nikawajibu nilichokiona, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Sikushangilia. Lakini siku zile waasi waliobaki walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta walioandika na kusoma, wakifika kwetu wanaiona kamba ya mgomba, wanageuka.

Halafu askari wa serikali wakakaribia kuuteka mji tena, na kamba hiyo hiyo sasa ingemuua, maana kwao aliyefungwa dawa alikuwa mwasi. Yaya hakutaka niikate. Yeye, msomi wa mapadri! Alikuwa amekaa kitandani, mkono kwenye kifua. "Ulisema mpaka safari iishe," akanong'ona.

"Safari imeisha. Lete hapa."

Niliikata kwa kisu cha samaki, nikausugua mkono ule kwa majivu na sabuni ya duka la Madamu mpaka ngozi ikawa nyekundu. Askari walipoingia walimkuta mtu mwenye mikono safi anayejua Kifaransa.

Alizeeka vizuri, yaya. Akarudi ofisini, akaoa, akawa mkubwa wa jumuiya kanisani. Na Jumapili moja akaja kwangu amevaa koti, pamoja na katekista na akina mama wawili, wakakaa sebuleni kwangu, wakakataa chai.

"Dada, tumekuja kwa ajili ya zile karata. Zichomwe."

"Za nani?"

"Zako. Ni aibu kwa familia. Mungu ndiye aliyeniokoa mwaka ule, si karata."

"Nakubali. Na siku ile Mungu alikuwa ameshika nini mkononi?"

Katekista alikohoa. Mama mmoja akatazama paa. Nikawaambia: sikuroga mtu, sikuiba, sikumchukulia mtu mume. Niliuza ndagala asubuhi na kuangalia karata mchana, nikasomesha watoto. Aliye na moto wake akawashe kwake. Wakanitoa kwenye chama cha akina mama, wakanipokonya kitenge cha sare. Sikuacha misa. Nakaa benchi la nyuma, naimba kwa sauti kubwa, mapigo siyajui vizuri, na hakuna aliyethubutu kuniambia ninyamaze.

Wale akina mama wawili walirudi kwangu baadaye, kila mmoja kwa siku yake, kupitia jikoni. Niliwarudisha. Nikawaambia kwangu wanaouliza wanapita mlango wa mbele, na mlango wakati wa kuangalia unabaki wazi, pikipiki zinapita, watu wanaona. Mmoja aliondoka. Mmoja alizunguka, akaingia kwa mbele, akakata.

Leo nina kiwanja mtaani Mulongwe, kimepimwa, chenye jina langu na si la mwanaume. Nina nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye bati jipya upande wa ziwa. Nina mitumbwi miwili ya ndagala, nyavu zake, na taa za betri. Nina mashine ya kusaga muhogo, inayolia kama ng'ombe lakini inasaga. Nina mbuzi. Nina choo cha simenti. Nina karata zote, isipokuwa mbili zilizoliwa na mchwa. Na nyuma ya nyumba nina chumba chenye mlango wake mwenyewe, nilichokijenga mke wa yaya alipofariki na watoto wake walipovuka kwenda kutafuta maisha. Anakaa humo. Anakula bugali yangu, anabariki chakula mpaka kinapoa, na kila Jumapili ananiambia nizichome. Yu hai.